Pweza nilimsingizia bure

Saa tatu usiku nilichukua peni ya bluu nikazungushia baka lililokuwa limeinuka kwenye paja la kulia. Lilikuwa na ukubwa wa kisoda, pembeni jekundu, katikati jeupe, limeumuka kama unga uliotiwa hamira. Nikazungushia lingine karibu na goti na la tatu tumboni, kisha nikaandika saa pembeni ya kila mduara. Mume wangu akaniuliza kama sasa nimeanza kupima viwanja. Sikumjibu, nilikuwa najikuna.

Asubuhi saa kumi na mbili miduara yote mitatu ilikuwepo, na ndani yake hamna kitu. Ngozi tupu, laini, kama haijawahi kuniwasha. Mabaka yalikuwa yameshahamia mgongoni na kwenye kiganja cha kushoto, na anayejua kuwashwa kiganja anajua kwamba pale hata ukikuna hupati raha.

Kazi hiyo ya peni nilipewa na daktari wa ngozi, nitafika kwake. Nimeanza nayo kwa sababu usiku mmoja wa peni ulinifundisha kuliko miezi kumi na sita ya kukisia. Kidonda cha moto hakihami. Fangasi hawahami kwa usiku mmoja. Kitu kinachovimba, kinawasha, kinaondoka ndani ya saa 24 bila kuacha alama, halafu kinazuka kwingine, kina jina lake: urtikaria. Kikiendelea zaidi ya wiki 6 kinaitwa sugu. Huku kwetu tunasema tu "aleji", na hilo neno ndilo lililonipoteza njia.

Mimi si daktari. Ni karani wa mizani kwenye chama cha msingi cha wakulima wa korosho, Mtwara Vijijini, na nyumbani ni Mikindani. Nilisoma mpaka kidato cha sita, kemia, baiolojia na jiografia, nikaishia hapo. Lakini mtu anayewashwa halali, na asiyelala akiwa na simu na bando la usiku, anasoma. Karibu yote nitakayoyasema hapa kuhusu utafiti niliyasoma kati ya saa nane na saa kumi usiku, miguu ikiwa juu ya sakafu ya saruji maana ndiyo yenye ubaridi.

Yalianza Juni 2022, msimu wa kupulizia salfa kwenye mikorosho. Juni huku kila mtu anakohoa na kila ngozi inasingizia salfa, na mimi kazi yangu miezi hiyo ni kuandikisha mifuko inayotoka ghalani. Kwa hiyo mshtakiwa wa kwanza alikuwa salfa. Salfa ikaisha, Septemba ikaja, mabaka yakabaki. Hapo ndipo kila aliyenizunguka alipoanza kuleta mshtakiwa wake.

Mama mkwe alimtaja pweza. "Mwanangu, yule ana miguu minane, mwili dhaifu haumuwezi." Jirani akataja maembe. Mwenzangu wa ghalani akasema ni mchafuko wa damu, na akanipa namba ya mtu anayeuza unga wa kusafisha damu. Shemeji yangu alisema nyumba yetu iko karibu mno na maji na kuna kitu kinatoka baharini usiku. Sikumcheka. Saa tisa usiku, ukiwa umesimama uani unajikuna na kipande cha gunzi, habari za vitu vinavyotoka baharini hazichekeshi.

Nikaacha pweza. Nikaacha kamba, kaa, jodari, mayai, nyanya, karanga, pilipili, na mabibo yalipokuja nikaacha mabibo na pombe yake ya uraka. Jamani, mtu wa Mikindani asiyekula vya baharini anakula nini? Alikuwa anakula kunde. Maji ya bamvua yakitoka wanawake wanateremka na vijiti vyao kuchokoa pweza kwenye mawe, jioni mtaa mzima unanukia nazi, na mimi niko na sahani yangu ya kunde na ugali wa muhogo. Nilipungua kilo tisa. Mizani haikudanganya, ninayo kazini.

Ninavyojitetea ni kwamba shutuma kwa samaki ilikuwa na mzizi. Nilipokuwa na miaka kama kumi, mama alinunua vibua vya mchana, vilivyokuwa vimekaa juani tangu asubuhi. Tulipomaliza kula haikupita nusu saa tukawa wekundu wote, mama, kaka zangu, mimi, hata mgeni aliyepita tu akakaribishwa. Kichwa kinagonga, uso unawaka, ngozi inawasha. Usiku ulipoingia ikawa imekwisha. Tangu siku ile nikajua samaki anaweza kukuwasha, na nilikuwa sahihi. Ila sababu niliijua nimeshakuwa mtu mzima. Samaki kama vibua na jodari wana histidini nyingi kwenye nyama yao. Wakikaa bila barafu, bakteria wanaigeuza ile histidini kuwa histamini, kemikali inayowasha, na histamini hiyo haiondoki kwa kupikwa, kukaangwa wala kukaushwa kwa moshi. Siku ile hatukuwa na aleji. Tulikula histamini iliyokwisha tengenezwa, kama mtu anayekunywa chai iliyotiwa sukari tayari.

Hesabu yake ni nyepesi na najilaumu kwa kutoiona mapema. Nyumba nzima ikiwashwa siku moja, mlaumu samaki na aliyemuuza. Mtu mmoja akiwashwa kila siku, ale asile, na wenzake waliokula sufuria lile lile wako salama, na yeye mwenyewe amekula kunde mwaka mzima na bado anawashwa, samaki anaingiaje?

Lakini histamini ni ile ile. Ya vibua inatoka nje, yangu inatoka ndani, kwenye seli zinazoitwa seli za masti. Mwaka 1878 kijana wa Kijerumani, Paul Ehrlich, alikuwa anaandika tasnifu yake ya udaktari huku akichezea rangi za kutilia vitambaa, anazidondoshea kwenye vipande vya mwili aone nini kitashika rangi. Akaona seli zilizojaa punje, zimeshiba hasa, akazipa jina la Kijerumani lenye maana ya kunenepeshwa. Alidhani zimelishwa vizuri. Kumbe zile punje ni ghala. Zimekaa kwenye ngozi kandokando ya mishipa midogo ya damu na ncha za neva, zimebeba histamini. Ghala likifunguka, mishipa inatanuka na kuvuja, maji ya damu yanajaa chini ya ngozi, ndiyo lile andazi. Neva zinaguswa, ndiyo ule muwasho. Maji yakinyonywa kurudi, andazi linashuka, unabaki na mduara wa peni usio na kitu.

Nani anafungua ghala? Hapa kuna kisa nilichokipenda kuliko vyote. Mwaka 1921 huko Ujerumani walikuwepo madaktari wawili, Carl Prausnitz na Heinz Küstner. Küstner alikuwa hawezi kula samaki aliyepikwa, akila anavimba. Prausnitz akachukua majimaji ya damu ya mwenzake akajichoma nayo kwenye ngozi yake mwenyewe, kesho yake akachoma majimaji yaliyotokana na samaki mahali pale pale. Ngozi ya Prausnitz, ambaye samaki hakuwa na neno naye, ikainuka baka. Maana yake ndani ya damu ya Küstner kulikuwa na kitu kinachobeba ule ugomvi. Watu walikitafuta kitu hicho zaidi ya miaka 40, mpaka 1966 na 1967, Kimishige na Teruko Ishizaka kule Marekani, na Johansson na Bennich wa Uppsala, Sweden, walipokipata: kingamwili, yaani askari wa mwili aliyemo kwenye damu, tunayoiita IgE.

Nilipofika hapo nikasema basi, kesi imekwisha, Küstner ni mimi. Nikaendelea kusoma nikakuta siye. Kwenye urtikaria sugu inayozuka yenyewe, mara nyingi hakuna samaki wala yai nyuma yake. Mwili unatengeneza kingamwili dhidi ya vitu vyake wenyewe: wengine dhidi ya IgE yao au dhidi ya kile kipokeo ambacho IgE hukikalia juu ya seli ya masti, wengine IgE yao imegeukia vitu vya ndani kama kimeng'enya cha tezi ya shingo. Ghalani kwetu tuliwahi kuwa na mlinzi mpya aliyempulizia filimbi meneja usiku, akaita watu, meneja akatolewa nje akiwa na funguo zake mkononi. Hakukuwa na mwizi. Mlinzi alikuwa anafanya kazi yake kwa bidii zote, ila hajui sura za watu wa pale.

Si ugonjwa wa nadra. Makadirio ni kama mtu 1 katika kila 100, na wanawake ni kama mara mbili ya wanaume. Ukisimama kwenye foleni ya mnada wa korosho kuna mwenzangu mle ndani, anajikuna chini ya kanga.

Sasa makosa ya dawa, nayapitia haraka maana yananitia aibu. Nilianza na Piriton ya duka la dawa. Inasaidia kuwashwa na inakulaza, maana dawa za zamani za kuzuia histamini zinapenya mpaka kwenye ubongo. Oktoba ile msimu ukafunguka, nikapima mzigo wa mzee mmoja kilo 640 nikaandika 460. Mzee alikuwa hajui kusoma vizuri lakini namba zake alizijua. "Binti, hapo umenila," akasema kwa sauti ya chini, watu wasisikie. Nikarekebisha. Namshukuru mpaka leo kwa ile sauti ya chini. Halafu nikachomwa "sindano ya aleji" mara tatu kwenye vituo tofauti, nikapewa na prednisoloni, dawa za steroidi, nikazinywa kwa miezi. Zinatuliza kweli, siku mbili tatu unajiona umepona, uso unaanza kujaa kama mwezi, ukiacha mabaka yanarudi na ndugu zao. Na katikati ya hayo yote mgongo ulikuwa unaniuma kwa kuinama kwenye mizani, nikawa nameza diklofenaki. Sikuwahi kuihusisha. Ni dawa ya mgongo, ngozi inahusika vipi?

Daktari wa ngozi nilimpata Oktoba 2023. Alikuwa amesomea Moshi, kwenye kile kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale hospitali ya KCMC, na alikuwa na haraka, nje wako watu sitini. Hakuuliza nimekula nini. Aliuliza baka moja linakaa muda gani. Nikasema wiki. Akasema, "Ugonjwa unakaa miezi. Mimi nauliza baka moja." Sikujua. Ndipo akanipa kazi ya peni. Akauliza midomo huvimba, nikasema mara mbili. Akauliza dawa za maumivu. Nilipotaja diklofenaki akaweka kalamu chini. Kwa baadhi ya wagonjwa wa urtikaria, dawa za jamii ile, aspirini, diklofenaki, ibuprofeni, zinaongeza mabaka na kuvimbisha midomo. Akanihamishia kwenye paracetamol.

Halafu akachukua kijiti cha mbao, akanichora mstari mgongoni, akasubiri. Ukainuka. Hilo nilikuwa nalijua kwa njia nyingine: binti yangu, darasa la tatu, aligundua kwamba kwenye mkono wangu anaweza kuandika kwa kifuniko cha peni na maandishi yakaota. Siku moja nimesinzia kwenye mkeka, naamka nakuta 7 × 8 = 56 imesimama kwenye mkono kama chapa ya gunia. "Mama, jibu limevimba," akaniambia, ameridhika kabisa.

Vipimo vilikuwa vichache kuliko nilivyotegemea. Damu, tezi ya shingo, choo kwa ajili ya minyoo. Nilitaka vile vipimo vya aleji vya vyakula arobaini, nilikuwa nimeshaanza kukopa. Akasema hela hiyo nikanunulie samaki. "Mama, nenda kale pweza."

Dawa ilikuwa setirizini miligramu 10, nayo ya kuzuia histamini, na tofauti yake na nilivyokuwa nikifanya ilikuwa moja: kila siku, nikiwashwa nisiwashwe. Mimi nilikuwa nangoja ghala lifunguke ndipo nikimbie na kufuli. Baada ya wiki mbili haikutosha, akapandisha vikawa vidonge viwili kwa siku. Miongozo ya kimataifa inaruhusu daktari apandishe dawa hizi za kizazi cha pili mpaka mara nne ya kipimo cha kawaida, ila apandishe yeye, si wewe na muuza duka. Akaniambia niwe najipa alama: mabaka 0 hadi 3, muwasho 0 hadi 3, kila siku, nijumlishe siku 7. Mwisho wa hesabu ni 42. Niliandika nyuma ya daftari langu la mizani. Wiki ya kwanza 31. Wiki ya sita 9. Nilifurahia ile 9 kuliko matokeo yangu ya kidato cha sita, ambayo hata hivyo hayakuwa ya kufurahiwa sana.

Wapo ambao vidonge haviwatoshi. Kwa hao kuna omalizumabu, sindano ya kila wiki 4, ambayo ni kingamwili iliyotengenezwa maabara kwenda kuikamata IgE kabla haijakaa kwenye seli ya masti. Iliruhusiwa kwa ugonjwa huu Marekani na Ulaya mwaka 2014. Mwaka 2025 Marekani wameruhusu nyingine mbili, dupilumabu ya sindano, na remibrutinibu ambayo ni ya kumeza na inazuia ishara ndani ya seli yenyewe. Nazitaja ili mwenye ndugu anayeteseka ajue zipo. Hapa Mtwara sijaziona kwenye duka lolote ninalolijua, na bei zake si za mshahara wa karani.

Tuje kwenye vya asili, maana hapa ndipo watu wananitumia ujumbe.

Kila mtu ana cha asili cha kunipa. Nilioga mwarobaini, nilioga maji ya mshubiri, nilipaka asali ya nyuki wadogo nikafuatwa na sisimizi. Maji ya mwarobaini yalinipa nafuu, nikagundua ni kwa sababu ni ya baridi. Ya bombani yalifanya vile vile. (Wapo wenye urtikaria inayoletwa na ubaridi wenyewe, hao wasiniige, na baharini wasijitupe peke yao.) Ila kuna mzee mmoja, fundi wa mambo haya, aliniambia muwasho unatolewa kwa moto, akanipa mafuta ya ganda la korosho kwenye kichupa. Nikapaka tone moja kwenye baka juu ya kifundo cha mkono.

Nimekulia kwenye korosho, sina cha kujitetea. Nimewaona wabanguaji wa majumbani, vidole vimekuwa vyeusi, ngozi inabanduka. Ganda lina mafuta yanayounguza, asidi ya anakadiki na wenzake, yale yale yanayoendea viwandani kutengenezea breki za magari. Mkorosho ni ukoo mmoja na mwembe, na pia na mmea mmoja wa Marekani ambao watu wake wakiugusa tu ngozi inafanya malengelenge. Tone langu lilifanya lengelenge la ukubwa wa harage, likapasuka, likawa kidonda, kikawa cheusi. Baka lenyewe liliondoka kesho yake kama kawaida yake. Kidonda kilikaa wiki tatu na alama ninayo hadi leo.

Wakati nauguza kidonda hicho ndipo nilianza kusoma vifaa vya kufungia majeraha, na nikakuta nusu ya habari inatoka kwenye ufukwe wangu. Ipo kitosani, inayotokana na maganda ya kamba na kaa. Unaondoa chokaa kwa asidi, unaondoa protini kwa kostiki soda, halafu kostiki soda kali ya moto inabadilisha kile kinachobaki, kitini, kuwa vipande vinavyoyeyuka kwenye siki. Kitosani ina chaji chanya, chembe za damu zina chaji hasi, zinang'ang'aniana, damu inaganda. Wanajeshi wa Marekani walikwenda nazo bandeji zake Iraq na Afghanistan. Na maganda yale kwetu yanatupwa, kuku wanadonoa. Tena mwenye aleji ya kamba, ugomvi wake mkubwa ni na protini ya nyama, wala si kitini ya ganda. Ipo aljineti, inatoka kwenye mwani wa kahawia, inanyonya majimaji ya kidonda na kugeuka jeli. Asali ya hospitali, iliyosafishwa kwa mionzi, nayo inafungia vidonda na inasaidia. Hivi navikubali. Kidonda kina mahali pake, unakifunika, kinatulia chini ya kifuniko.

Lakini mabaka yangu hayana mahali. Zipo maabara zinazojaribu kubebesha dawa za kuzuia histamini kwenye jeli za kitosani na aljineti zipenye ngozini, na kwa mtu mwenye muwasho wa sehemu moja huenda zikafaa. Mimi nikipaka pajani linazuka mgongoni. Ningelazimika kulala ndani ya pipa.

Na mwani wetu huu tunaoulima, spinosumu na kotonii, si wa kahawia, ni wa jamii nyekundu. Wenyewe unatoa karajinani, ile inayofanya aiskrimu na dawa ya meno vishikane. Shoga yangu wa Msangamkuu aliniletea sabuni ya mwani, nzuri, inalainisha, bado naitumia. Alinihakikishia inaondoa uvimbe. Usiku ule nikasoma kwamba tangu 1962 watafiti wanaotaka kujaribu dawa za uvimbe huchukua aina moja ya karajinani na kumdunga panya wa maabara kwenye wayo, ili wayo uvimbe, ndipo waijaribu dawa. Kumbe karajinani ndiyo inayotumika kuvimbisha! Nilicheka peke yangu gizani mpaka mume wangu akaamka. Kuoga kwa sabuni si kudungwa sindano, najua, na shoga yangu sikumwambia.

Kwa hiyo mtu akinijia na "hii haina madhara, ni ya asili", namuuliza ni ya asili kama asali au ya asili kama upupu.

Upupu nao una utafiti wake. Mwaka 1955 Wamarekani wawili, Shelley na Arthur, walivichunguza vile vinyweleo vya ganda la upupu wakakuta kinachowasha ni kimeng'enya, wakakiita mukunaini. Mwaka 2008 wengine wakaonyesha jinsi kinavyofanya kazi: kinakata vipokeo fulani kwenye neva moja kwa moja. Histamini haihusiki. Kwa hiyo upupu unawasha bila kuumua andazi, na vidonge kama vyangu haviuzuii. Mpaka leo watafiti wa muwasho huwawekea watu waliojitolea vinyweleo vichache vya upupu kwenye mkono, wapate kuulinganisha na muwasho wa histamini. Kumbe kuna njia mbili za kuwashwa, na mimi nimezaliwa mahali zinapokutana.

Sasa hivi alama zangu ni 0 mpaka 3 kwa wiki. Daktari ananipunguzia kidonge taratibu. Wengi huu ugonjwa unawaacha wenyewe, baadhi mwaka, baadhi zaidi ya mitano. Kibegi changu kina vidonge na karatasi yenye namba ya dereva wa bajaji, kwa siku ulimi ukivimba au pumzi ikibana, maana hapo si suala la peni tena, ni hospitali moja kwa moja. Pweza nakula. Mama mkwe bado ananipikia bakuli la kunde pembeni, kwa tahadhari.

Mwezi wa nane, upepo mkali, alirudi kutoka kukata kuni akiwa anajikuna mikono yote miwili na shingo. Upupu umekauka, umempeperukia. Akaketi kwenye jamvi akanyoosha kiganja.

"Nipe kidonge chako, mwanangu."

"Mama, hiki hakitibu upupu. Huo ni mwingine."

"Nipe tu."

Nikampa, akameza na maji ya mtungini. Nikaenda kuchukua selotepu ya binti yangu ya shuleni, nikakata vipande, nikawa nambandika mkononi na kubandua, nambandika na kubandua, kila kipande kikitoka na vinyweleo vya kahawia vinavyometa ukivigeuzia jua. Mkono wa kulia, wa kushoto, shingo. Nilimaliza karibu nusu ya selotepu. Akanyamaza kidogo, akajipapasa.

"Umeona?" akasema. "Kile kidonge kimefanya kazi."